Nafasi Ndogo Ndani ya Kufuli

Ndani ya kufuli la shaba la pini tano, lile dogo la milimita 40 linaloning'inia kwenye maduka, mageti na masanduku ya wanafunzi wa bweni, mna vipande zaidi ya kumi na tano vinavyosubiri ufunguo. Wengi wetu tumelifunga na kulifungua miaka nenda rudi bila kuviona hata siku moja. Fundi aliyelitengeneza alitaka iwe hivyo. Lakini anayepata bahati ya kuliona kufuli limekatwa ubavu, matumbo yake yakiwa wazi, hulitazama kwa heshima nyingine kuanzia siku hiyo.

Mwili wa kufuli ni bonge moja la shaba lililotobolewa tundu nene la duara. Ndani ya tundu hilo kimelala kiini, kipande cha mviringo chenye mfereji ambamo ufunguo huingia. Ubavuni mwa kiini yamepangwa matundu madogo, mstari mmoja, na kila tundu linaanzia ndani ya kiini na kuendelea ndani ya mwili. Katika kila tundu mna pini mbili zinazofuatana, na nyuma yake springi nyembamba inayozisukuma kuelekea ufunguo. Pini ya kwanza ndiyo inayogusa meno ya ufunguo, na urefu wake hutofautiana na wa jirani zake. Ya pili ni ya kuzuia. Ufunguo usipokuwepo, zile pini za kuzuia hulala nusu ndani ya kiini na nusu ndani ya mwili, na kiini hakiwezi kuzunguka.

Ufunguo sahihi ukiingia, kila jino huisukuma pini yake mpaka pale pini mbili zinapokutana pawe sawasawa na mpaka wa kiini na mwili. Pini zote tano zikifika hapo kwa pamoja, hakuna kinachovuka mpaka. Kiini kinageuka. Mkia wake, ulio ndani kabisa ya kufuli, unaachia kile kinachoshika utambo, yaani ule upinde wa chuma, nao unaruka juu. Ukikosea jino moja kwa chini ya nusu milimita, pini moja itavuka mpaka na kufuli litakataa. Kufuli halijui mwenye nyumba ni nani. Linajua urefu tu, na linaupima upya kila unapoingiza ufunguo, mchana na usiku, kwa miaka, bila umeme wala betri.

Wazo la pini zinazoanguka ni la kale sana. Wamisri walikuwa na makomeo ya mbao yenye vijiti vilivyodondoka kwenye matundu ya komeo, na ufunguo wake ulikuwa mti mrefu wenye vijino vya kuviinua. Huko Marekani, Linus Yale alilifufua wazo hilo kwa chuma mwaka 1848. Mwanawe, aliyeitwa Linus Yale kama baba, alianza maisha kwa kuchora picha za watu kabla ya kuingia kwenye karakana. Ndiye aliyelifikisha wazo la baba yake kwenye umbo tunalolijua, kwa hataza za mwaka 1861 na 1865: kiini cha duara na ufunguo mdogo bapa unaoingia mfukoni. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1868, kiwanda alichokianzisha na mwenzake kule Stamford, Connecticut, kikiwa bado kichanga. Funguo nyingi zilizo mifukoni mwetu leo ni uzao wa mkono wake.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nilienzi kufuli kuliko vyombo vingi vya chuma. Kiini lazima kizunguke ndani ya mwili, na kitu hakizunguki ndani ya kingine bila nafasi. Fundi akikibana mno, kufuli litakwama siku ya kwanza ya vumbi. Akikilegeza mno, litafunguka kwa ufunguo wa jirani. Nafasi anayoiacha ni sehemu chache za mia za milimita. Humo ndimo ustadi wote wa kufuli ulipo, na humo ndimo udhaifu wake unapopitia.

Hakuna kekee duniani inayotoboa matundu matano yakakaa kwenye mstari ulionyooka kabisa. Moja litapotoka kidogo kulia, jingine kushoto, kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa hiyo ukikisukuma kiini kigeuke hali pini bado zimezuia, pini zote hazibanwi kwa pamoja. Inabanwa moja kwanza, ile ambayo tundu lake limepotoka kuliko mengine. Mwenye chuma chembamba akiitafuta pini hiyo na kuisukuma taratibu, atafika mahali ambapo inavuka mpaka na kukaa hapo, na kiini kitaserereka kidogo sana. Sasa imebanwa nyingine. Anaitafuta hiyo nayo. Nguvu hazihitajiki kabisa, na anayezitumia huharibu. Mkono unaosukuma kiini unatakiwa kuwa mwepesi na usiotetereka, na mkono wa pili unasikiliza chuma kama mkunga anavyolisikiliza tumbo la mzazi: kwa vidole, bila kuona kitu, akijua mkao wa kilicho ndani kwa mguso tu.

Ustadi wa aina hiyo tunao hapa kwetu, barabarani. Mafundi funguo wanaokaa kivulini na meza yenye jiliwa na tupa chache wanafanya kazi ambayo wapita njia huidhani ni kusugua chuma tu. Kuchonga ufunguo kwa kufuata mwingine ni kazi ya jicho na mkono uliotulia. Kazi kubwa zaidi ni pale mteja anapoleta kufuli lililofungwa na hana ufunguo wowote. Fundi mwenye ujuzi huchukua ufunguo usiochongwa, wenye mfereji unaolingana, akausugua uso wake mpaka ung'ae. Anauingiza, anausukuma kama anayetaka kufungua, anautikisa kidogo, kisha anautoa na kuutazama kwenye mwanga. Pini zilizobanwa zimeacha alama ndogo kwenye shaba laini, vidoa ambavyo asiyejua hawezi kuviona. Anapitisha tupa pale penye kidoa, mara moja au mbili tu. Anaurudisha. Anautoa tena na kuutazama.

Pini iliyofika mahali pake haibanwi tena, na isiyobanwa haiachi alama. Kwa hiyo jino likikoma kutoa kidoa, fundi anajua hapo pametosha, na tupa haitagusa tena mahali pale. Akizidisha, ufunguo umeharibika, na inabidi aanze upya na mwingine. Anachokifanya ni kusoma vipimo vya chumba asichoweza kukiingia, kwa kuangalia michubuko iliyotoka humo. Mwishoni mteja anaondoka na kufuli zima na ufunguo mpya unaofanya kazi, na analipa bei ambayo kwa maoni yangu ni ndogo mno. Nimeona watu wanampunguzia fundi huyo bei kwa hoja kwamba amemaliza haraka. Hiyo haraka ndiyo ujuzi wenyewe, na aliilipia kwa miaka ya kuharibu funguo zake mwenyewe.

Kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya ufundi huu kinahusu kufuli la kuning'inia, na lilining'inia London. Joseph Bramah alizaliwa mwaka 1748 huko Yorkshire, mtoto wa mkulima. Mguu ulimuumia akiwa kijana, kazi ya shamba ikamshinda, akapelekwa kujifunza useremala. Mwaka 1784 alipata hataza ya kufuli lisilo na pini wala kiwenzo cha aina iliyojulikana wakati ule. Ufunguo wake ni mrija mfupi wenye mifereji mwishoni, kila mfereji na kina chake. Ukiusukuma ndani, unavisukuma vibamba vyembamba vilivyopangwa kwa duara, kila kimoja umbali wake. Vyote vikifika mahali pake, mapengo yao yanalingana na bamba lililovizuia, na kiini kinazunguka.

Kulitengeneza kufuli la namna hiyo kwa tupa ya mkono kulikuwa mateso. Bramah akamchukua kijana wa miaka 18 kutoka Woolwich, Henry Maudslay, ambaye alikuwa ameanza kazi utotoni kwa kujaza baruti kwenye karakana ya silaha. Maudslay ndiye aliyetengeneza kufuli la majaribio lenye vibamba 18, na mwaka 1790 likawekwa kwenye dirisha la duka la Bramah mtaani Piccadilly pamoja na tangazo: fundi atakayeunda kifaa cha kulifungua atapewa gini 200 papo hapo. Gini 200 zama hizo zilikuwa mali. Wapita njia walilitazama, wengine wakajaribu, na kufuli likabaki limefungwa.

Hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa sababu faida ya kufuli hilo imevuka mlango wowote liliowahi kuufunga. Ili kutengeneza makufuli mengi yenye vipande vinavyolingana kwa vipimo vidogo hivyo, Bramah na Maudslay walilazimika kwanza kutengeneza mashine za kuvikata. Mkono wa binadamu haukuweza kurudia kipimo kilekile mara mia. Mashine ziliweza. Maudslay aliondoka kwa Bramah mwaka 1797 baada ya kunyimwa nyongeza ya mshahara, akaenda kufungua karakana yake, na kutoka mikononi mwake zikatoka mashine za kukerezea skrubu na kifaa cha kupimia vipimo vidogo kuliko vilivyokuwa vimezoeleka. Mafundi waliopita kwake wakaja kuwa vigogo wa uhandisi wa Uingereza. Sehemu kubwa ya ufundi wa mashine wa karne ya 19 ilijifunza usahihi kwenye meza ya mtengeneza makufuli.

Mwaka 1851 London ilifanya Maonyesho Makuu katika jumba la kioo lililojengwa Hyde Park. Miongoni mwa waliofika alikuwa Mmarekani Alfred Charles Hobbs, mzaliwa wa Boston, aliyeleta kufuli la kampuni ya New York aliyoifanyia kazi. Hobbs hakuridhika na kulisifu la kwao. Julai 22 alisimama mbele ya mlango wa chumba cha hazina karibu na Westminster uliofungwa kwa kufuli la Chubb, lililokuwa fahari ya Waingereza. Hilo lilikuwa na viwenzo kadhaa vya kunyanyuliwa na ufunguo, na mlinzi ndani yake: ukikinyanyua kiwenzo kimoja kupita kiasi, kufuli linajikaza, na mwenyewe akija na ufunguo anajua kwamba kuna aliyejaribu. Jeremiah Chubb alilibuni mwaka 1818, baada ya wizi uliotokea kwenye bandari ya kijeshi ya Portsmouth. Hobbs alilifungua kwa dakika 25. Yule mlinzi alimsaidia, maana kila alipojikaza alimwambia Hobbs kiwenzo kipi kimenyanyuliwa kupita kiasi.

Kisha akaenda Piccadilly. Bramah alikuwa amekufa tangu mwaka 1814, lakini warithi wa duka walikuwa bado wanasimamia ahadi yake. Waamuzi wakateuliwa, Hobbs akapewa siku 30, na kufuli likazungushiwa mbao na kutiwa lakiri asipate njia nyingine ila tundu la ufunguo. Kwa siku 16, jumla ya saa 51 za kazi, alikaa na kufuli lile akikipima kibamba baada ya kibamba, akiandika vipimo, huku kifaa alichokifunga kwenye ubao kikikisukuma kiini bila kuchoka. Mwisho wa Agosti kufuli lilifunguka. Warithi wa Bramah walilalamika kwamba hakuna mwizi atakayepewa siku 16 na meza. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini walilipa zile gini 200, na kwa hilo nawaheshimu. Kufuli lenyewe liko leo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London.

Uingereza ilitikisika. Magazeti yaliuliza kama kuna mlango unaofungika tena. Wapo waliomlaumu Hobbs kwa kufundisha wezi, na jibu lake, ambalo nakubaliana nalo, lilikuwa kwamba wezi walikwishajua mengi kuliko tunayoweza kuwafundisha. Kufuli linalotegemea mnunuzi asijue udhaifu wake linamwibia mnunuzi kwanza. Hobbs mwenyewe alibaki London na kufungua kiwanda cha makufuli, na waliokuwa wakimlaumu wakawa wanashindana naye kwa kutengeneza mazuri zaidi. Kufuli na mfunguaji wamekuwa wakifundishana hivyo siku zote.

Mfano mzuri wa mafunzo hayo ulianza ndani ya karakana ya Bramah yenyewe. Mwaka 1817 mfanyakazi wa karakana hiyo aitwaye Russell alikata mapengo ya uongo kwenye vile vibamba, mafupi kidogo kuliko pengo la kweli. Anayepapasa humo anahisi kibamba kimekaa mahali pake, anafurahi, anahamia kingine, kumbe amenaswa. Wazo hilohilo limo leo kwenye pini za makufuli bora. Pini ya kuzuia huchongwa kiuno katikati. Ikisukumwa bila ufunguo, kile kiuno kinajipachika mpakani, kiini kinageuka kidogo cha kumdanganya mfunguaji, halafu kinasimama. Ili atoke mtegoni inabidi akilegeze kiini, na akikilegeza, pini alizokwisha kuziweka zinaanguka. Kwa mwenye ufunguo hakuna tofauti yoyote anayoihisi. Kiuno kile cha pini ni gharama ndogo sana kiwandani, na bado makufuli mengi sokoni hayana.

Lakini mwizi wa kweli hana muda wa kupapasa pini. Huyo huzunguka kiini kizima, na hapa ndipo makufuli ya bei ya chini yanapoaibika. Katika makufuli hayo utambo unashikwa na kijiti kidogo chenye springi, na ndiyo sababu unaweza kulifunga kwa kuubonyeza tu bila ufunguo. Kinachosukumwa na springi kinaweza kusukumwa kurudi nyuma. Kibati chembamba kikiteremshwa kando ya utambo kinakifikia kijiti na kukiondoa njiani, na pini zote tano, hata zingekuwa na viuno namna gani, hazijaulizwa chochote. Dawa yake inajulikana miaka mingi: gololi mbili za chuma cha pua, moja kila upande, zinazosukumwa kwenye mapengo ya utambo na mkia wa kiini. Kufuli likiwa limefungwa, nyuma ya gololi pana chuma kigumu kisicho na springi. Hakuna pa kuzirudisha. Mengi ya makufuli hayo humzuia mwenyewe asitoe ufunguo mpaka alifunge, jambo linalowaudhi wenye haraka, na mimi nalihesabu kuwa ni uungwana.

Wengine hawagusi ndani kabisa. Wanaleta mkasi wa kukatia nondo, au msumeno wa chuma, au tindo na nyundo. Dhidi ya hao dawa ni unene na ugumu wa utambo, na kuuficha. Harry Soref, fundi makufuli aliyehamia Marekani kutoka Urusi, alianzisha kiwanda kule Milwaukee mwaka 1921 kwa wazo moja: mwili wa kufuli usiwe bati lililokunjwa, uwe mabamba ya chuma cha pua yaliyopangwa moja juu ya jingine na kukazwa kwa ribiti. Mabamba hayo yanaweza kukatwa kwa mashine kutoka mabaki ya chuma, kwa hiyo kufuli gumu likawa rahisi. Mwaka 1928, pombe ikiwa imepigwa marufuku Marekani, kiwanda hicho kilisafirisha makufuli 147,600 kwenda New York kufungia vilabu vya siri. Wajerumani nao, katikati ya karne iliyopita, wakatoa kufuli la duara ambalo utambo wake umezama mwilini, umebaki upenyo mdogo tu, na mkasi hauna pa kuuma.

Kule Finland, Emil Henriksson alifikiri tofauti mwaka 1907. Alikuwa fundi wa vyombo vidogo aliyezizoea mashine za kuhesabia fedha, na akabuni kufuli la visahani vinavyozungushwa na ufunguo, kila kisahani kwa pembe yake, bila springi hata moja ndani. Pasipo springi hakuna kinachochoka, hakuna kinachoganda kwa barafu, na hakuna kinachompa mfunguaji habari kwa kumsukuma kidole. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mawazo safi kabisa katika ufundi mzima wa chuma.

Yapo mataifa ambako kufungua makufuli kumekuwa mchezo wa heshima. Ujerumani kuna chama cha wapenzi wa mchezo huo tangu mwaka 1997, na Uholanzi wanao wao. Wanashindana kwa saa, wanaandika udhaifu wanaougundua na kuwapelekea watengenezaji. Sheria yao ya kwanza ni kutogusa kufuli lisilo lako, na ya pili ni kutochezea lako mwenyewe likiwa linafanya kazi mlangoni. Ningependa kuona vijana wa vyuo vyetu vya ufundi wakiwa na mchezo huo. Anayejifunza kulifungua kufuli bila ufunguo atakuwa amejifunza vipimo, vyuma, springi na subira, na atakuwa na macho ya kumkagua muuzaji.

Kufuli linaweza pia kuwa chombo cha ibada. Ukoo wa Bani Shaiba umeshika ufunguo wa Kaaba kwa karne nyingi, na katika jumba la Topkapi kule Istanbul yamehifadhiwa makufuli na funguo zake za zamani, chuma kirefu kilichonakshiwa maandishi. Mafundi wale walijua kwamba kitu cha kufungia kinaweza kuwa kizuri bila kupunguza ukali wake.

Pwani yetu ina historia yake na kufuli. Milango mizito ya nakshi ya Unguja na Lamu ilifungwa kwa mnyororo na tumbuu, na kufuli likaning'inizwa hapo. Adui wake mkubwa kuliko mwizi ni hewa ya chumvi. Shaba huistahimili vizuri, lakini springi na utambo wa chuma hushika kutu, na kufuli la pwani hufa likiwa limefungwa. Watu huzoea kulimiminia mafuta ya injini, nayo huwa matope yakikutana na vumbi, na pini zinanata. Unga wa risasi ya penseli ni bora: mkavu, laini, hauiti vumbi. Mimi hulitia kufuli langu la geti unga huo kabla ya mvua za masika, kisha nauingiza ufunguo na kuutoa mara kadhaa mpaka nihisi pini zinashuka bila kusita.

Ukienda dukani kununua, nenda na sumaku. Shaba haishikwi na sumaku; kufuli la njano linaloikumbatia ni chuma kilichopakwa rangi. Angalia pande zote mbili za utambo: kukiwa na pengo upande mmoja tu, umeshikwa upande mmoja tu. Jaribu kulifunga bila ufunguo, na likikubali, ujue linaweza kuwa na kile kijiti cha springi. Hesabu pini kwa kuyatazama meno ya ufunguo. Meno manne yenye vina vitano yanatoa funguo 625 tu, matano yenye vina sita yanatoa 7,776, na kiwandani si zote zinatumika. Ndiyo maana kwenye boksi moja la makufuli ya bei poa unaweza kukuta ufunguo mmoja unafungua mawili. Kisha tazama mlango wako. Kama tumbuu limeshikwa kwa misumari miwili ya mbao, au kibamba chake kimeachwa skrubu nje, hela ya kufuli jema itakuwa imepotea, kwa kuwa mwizi ataacha kufuli limefungwa na kuondoka na tumbuu. Anza na mlango, uweke tumbuu la boliti zilizokazwa kwa ndani, halafu ndipo uutafutie kufuli linalostahili, na likiharibika mpelekee fundi funguo wa mtaani kwako na umlipe anachostahili.